Efata: Mtoto Ambaye Herufi Zinamkataa

Jumapili ya 23 ya Mwaka B
Masomo: Isaya 35:4-7, Yakobo 2:1-5, Marko 7:31-37



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo ni fupi, nasi tumeizoea mno hata yatupita masikioni kama upepo. Bwana wetu yumo safarini. Ametoka pande za Tiro, amefika nchi ya Dekapoli, na hapo wanamletea mtu aliye kiziwi na mwenye utasi. Wanaomleta wanataka jambo moja tu: amwekee mkono, basi. Lakini tazameni jinsi Bwana anavyofanya. Kwanza anamtoa katika mkutano wa watu, anakwenda naye faraghani. Kisha hamhubirii, maana mahubiri yatamfaa nini mtu asiyesikia? Anatia vidole vyake masikioni mwake, anamgusa ulimi, anatazama juu mbinguni, anaugua. Mwisho kabisa ndipo anapotamka neno, tena neno moja: Efata. Na neno hilo ni la Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao, hata Marko, aliyeandika Injili yake kwa Kigiriki, hakuwa na budi kuwafasiria wasomaji wake.

Faragha, mguso, uvumilivu, neno moja, lugha ya nyumbani. Tuyashike hayo matano, tutayahitaji.

Mwaka 2024 Jumapili hii iliangukia tarehe 8 Septemba, siku ambayo tangu mwaka 1967 mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Yafaa basi tuzungumze juu ya watoto ambao kisomo kimewakataa: si kwamba hawakupelekwa shule, walipelekwa, si kwamba ni wavivu, wengi wao hujitahidi kuliko wenzao, bali herufi hazikai machoni pao, au tarakimu hazipangiki vichwani mwao, au mawazo yao hayatulii mahali pamoja hata kwa muda wa Baba Yetu moja. Wataalamu huita hali hizi matatizo mahususi ya kujifunza, na lile la kusoma huitwa disleksia. Sisi hapa hatutafundisha utaalamu huo wote. Tunataka kuuliza jinsi ya kuulea moyo wa mtoto huyo, na imani yake, wakati walimu wanahangaika na kichwa chake.

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitembelea waamini wa Ololosokwan, kijiji kilichoko kaskazini ya Wilaya ya Ngorongoro, kinachopakana na Hifadhi ya Serengeti upande mmoja na nchi ya Kenya upande mwingine. Tulikwenda kuwajaribu watoto waliokuwa wakijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Akaja kijana wa miaka kama 12. Tukamwambia asali Kanuni ya Imani. Akaanza, akakwama kwa Ponsyo Pilato, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Tukadhani aibu tu inamzuia, tukampa kitabu asome. Hapo ndipo tulipomwua. Alisoma silabi moja, akanyamaza, akasoma nyingine ambayo haikuwamo kitabuni, wenzake wakacheka. Kijana akatupa kitabu chini, akatoka nje, akaipiga teke ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. Nasi, kwa ukali wa ujana wa upadre na shahada ya seminari kuu mfukoni, tukasema: huyu hana adabu wala hana maarifa, arudi mwaka ujao. Mwaka uliofuata, siku ya kujaribiwa, alikwenda kujificha na mbuzi mpaka gari letu likaondoka.

Katekista wetu wa pale, mzee asiye na maneno mengi, alitusindikiza garini akasema: "Padre, samahani, nina neno. Kijana yule anawajua ng'ombe wa baba yake wote, kwa rangi na kwa pembe. Jioni anasimama mlangoni pa zizi, anatazama mara moja, anajua ni yupi ambaye hajarudi, bila kuhesabu. Wewe umesema hana kumbukumbu. Mimi sielewi."

Hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Asante, mzee," tukafunga mlango wa gari.

Ndugu wapendwa, lile ambalo mzee yule hakulielewa, na sisi wasomi hatukuliona, madaktari walikwisha kuliandika zamani. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri, hodari katika michezo na hesabu, ambaye baada ya miaka saba ya kufundishwa alishindwa kusoma hata maneno mepesi. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, kijana huyo angewapita wote shuleni. Tangu hapo elimu imesonga mbele sana. Leo twajua kwamba disleksia hutokana na jinsi ubongo unavyozishughulikia sauti za maneno na kuziunganisha na alama zake. Kwamba mara nyingi hufuata ukoo. Kwamba haina uhusiano na ujinga. Na kwamba haiponi kama malaria, ila mtoto akifundishwa kwa subira, sauti kwa sauti, husogea mbele. Katika Kiswahili chetu, ambacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, shida hii hujificha: mtoto anaweza hatimaye kusoma kwa usahihi, lakini polepole mno, kwa jasho, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake.

Makatekista wetu watauliza: je, kila mtoto asiyesoma ana ulemavu huu? La hasha! Na hapa, katika nchi ya Wamaasai, yatupasa kuwa waangalifu zaidi. Mtoto wa Ololosokwan hunyonya Kimaa, shuleni hukutana na Kiswahili, na akifika sekondari hudaiwa Kiingereza. Anayekwama kwa sababu ya ugeni wa lugha si mlemavu. Mpe muda na mtu wa kumfasiria, atafunguka. Tena kuna mengine ya kutazamwa kwanza. Ugonjwa wa vikope umewatesa watu wa nchi hii kwa vizazi, na mtoto asiyeona ubao hatasoma ubao. Masikio yanayotoka usaha husikia nusu ya somo. Kuna kifafa kisichoangusha mtu, mtoto huzubaa tu kidogo kisha hurudi, na mwalimu hudhani anaota mchana. Kuna njaa. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto jina lolote, apelekwe hospitali, kama vile ya Wasso, ambayo wamisionari waliianzisha katika miaka ya 1960. Ikiwa macho ni mazima, masikio ni mazima, tena mtoto husimulia hadithi vizuri kwa Kimaa, hujua njia na mifugo na ukoo wake, na bado miaka mitatu, minne, herufi zinamkataa, hapo tuna sababu ya kufikiri juu ya disleksia, na kumtafuta mwalimu wa elimu maalumu. Chuo cha Ualimu cha Patandi, huko Tengeru, kinawaandaa walimu wa namna hiyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake. Kutoka Ololosokwan hadi Tengeru ni safari ndefu, twajua; lakini barua huenda.

Tuseme pia neno juu ya laana. Baadhi ya wazazi, wakiona mtoto wa kwanza hasomi na wa pili naye hasomi, huanza kuulizana ni nani katika ukoo aliyemkosea mzee, au mama yake alifanya nini. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilohilo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, naye Bwana akawakatalia: si yeye, wala si wazazi wake. Na wengine hutafuta dawa ya siku moja. Tunaukumbuka mwaka 2011, barabara ya Samunge ilivyojaa magari, watu wakikiendea kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu. Waliokwenda hatuwacheki, maana mwenye mgonjwa hachagui mlango wa kubisha. Lakini shida ya kujifunza haina kikombe. Ina miaka.

Sasa turudi kwenye ile ndoo. Kwa nini kijana aliipiga teke? Sisi tuliona hasira. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu iliyovaa nguo za hasira, kwa sababu kwa kijana anayekaribia ujana wa kimorani kuonekana mkali ni afadhali kuliko kuonekana mnyonge. Huu ndio mwanzo wa malezi ya moyo. Mtoto mwenye shida ya kujifunza hushindwa mbele ya watu kila siku ya shule, asubuhi na mchana. Mtu mzima angeacha kazi kama hiyo baada ya juma moja. Asipofundishwa la kufanya na aibu yake, atajifunza mwenyewe: wengine huwa wagomvi, wengine vichekesho vya darasa, wengine hunyamaza hata wazazi husahau sauti yao, wengi hutoroka. Kiboko hakijapata kumfundisha mtu herufi; humfundisha kujificha.

Mzee katekista alianza na jambo dogo sana, nasi tulijifunza kwake. Alimfundisha kijana kuitaja hali ya moyo wake kwa jina, na kwa Kimaa kwanza. Jioni wakiwa wamekaa, aliuliza: leo moyo wako ulikuwaje? Mwanzoni jibu lilikuwa moja kila siku: nilikasirika. Mzee huuliza tena: kabla ya kukasirika? Polepole majina yakaanza kutengana, hofu ikawa hofu, aibu ikawa aibu, wivu wa kumwona mdogo wake akisoma ukawa wivu. Lililo na jina laweza kupelekwa kwa Mungu. Zaburi zetu zimejaa watu wanaomwambia Mungu wazi kwamba wamechoka na wana hasira, wala hakuna aliyewafukuza hekaluni kwa ajili hiyo.

Kisha pumzi. Tangu kale Wakristo wa Mashariki wamesali kwa kulifuata jina la Yesu kwa pumzi, na sala hiyo haihitaji kitabu. Mtoto huvuta pumzi akisema moyoni "Bwana", huitoa akisema "nihurumie". Mara tano, mara kumi, kabla ya kusimama mbele ya darasa, au pale anapoona mkono unataka kurusha kitu. Walimu wa elimu ya nafsi wanasema pumzi ndefu huutuliza mwili. Kanisa linasema humkumbusha mtu yuko mbele ya nani. Hatuoni ugomvi kati ya maneno hayo mawili.

Jambo la tatu lilikuwa gumu kwa mila za pale: kuomba msaada. Mtoto mwenye adabu wa Kimaasai huinamisha kichwa mbele ya mkubwa, naye mkubwa humgusa utosini. Hamkatizi mzee maneno. Ni desturi nzuri, na kila tunapoiona twakumbuka Bwana akiwawekea watoto mikono na kuwabariki. Lakini darasani mtoto huyo hatasema kamwe, "Mwalimu, sijaelewa, naomba unieleze tena." Lazima apewe ruhusa, na ruhusa itoke kwa wakubwa. Mzee alifanya hivi: kila somo la dini alikosea neno makusudi, akawaomba watoto wamsahihishe, akamshukuru anayemsahihisha kwa "Ashe" ya heshima. Watoto wakaona mzee akikosea bila kufa. Sisi mapadre hatulipendi zoezi hili sana, lakini lina faida.

Na kitubio je? Mtoto asiyeweza kushika orodha ya dhambi ataungamaje? Hapo mzee alitumia nyasi. Kwa Wamaasai nyasi mbichi mkononi ni ombi la amani. Anayekunyooshea nyasi anakutaka mpatane. Alimwambia kijana aokote jiwe kwa kila jambo linalomlemea, aje nayo mfukoni, pamoja na ukoka mmoja mbichi. Katika kiti cha kitubio mawe yalitoka moja moja, na kila jiwe lilikuwa na habari yake, kamili, na majuto yake. Tumewaungamisha wasomi wengi ambao hawakuwa na jiwe hata moja.

Huenda baadhi yenu mnasema moyoni: Padre anashusha kiwango. Kanisa lasemaje? Baba Mtakatifu Pius wa 10, mwaka 1910, alipofungulia watoto wadogo mlango wa Komunyo, alieleza kwamba elimu kamili ya mafundisho haidaiwi; yatosha mtoto atambue, kwa kadiri yake, tofauti kati ya mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kwa kadiri ya hali yao. Yohane Paulo wa 2 aliandika mwaka 1979 kwamba watoto hao wana haki ya kulijua fumbo la imani kama wenzao. Na Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 umesema wazi kwamba hakuna awezaye kuwanyima sakramenti watu wenye ulemavu. Kwa hiyo aliyeshusha kiwango siku ile ni sisi, tuliyegeuza Komunyo kuwa mtihani wa darasa la nne.

Tena tumkumbuke Bernadeta wa Lourdes. Mapema mwaka 1858 alikuwa msichana wa miaka 14, maskini, mwenye pumu, hajui kusoma, na hajapokea Komunyo ya Kwanza kwa kuwa katekisimu ilimshinda. Aliyemfundisha alikata tamaa naye. Hatusemi alikuwa na disleksia, marehemu hapimwi. Lakini tukumbuke kwamba katekisimu ile ilikuwa ya Kifaransa, naye nyumbani walisema lahaja ya milimani kwao. Bibi Mwema alipomtokea pangoni alisema naye kwa lahaja ile ya nyumbani. Na tarehe 25 Machi, alipolitaja jina lake, msichana hakulielewa. Alikwenda mbio kwa paroko akilirudia njiani maneno kwa maneno asije akalisahau. Kichwa kilichoshindwa na katekisimu kilibeba ujumbe ambao mpaka leo unajaza basilika. Alipokea Komunyo tarehe 3 Juni mwaka uleule. Naye Mtakatifu Yohane Maria Vianney, ambaye Kilatini kilimtoa jasho seminarini hata akarudishwa, ndiye Kanisa lililomweka kuwa msimamizi wa maparoko. Wenye shahada mfukoni tuyatafakari hayo kwa utulivu.

Mtume Yakobo, katika somo la pili, anawakemea wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame pembeni. Mabenchi yetu ya katekesi nayo yana kiti cha mbele na kiti cha nyuma, na tunajua ni nani hukaa wapi.

Tuwaambie makatekista jinsi somo lenyewe lilivyokwenda, maana wengi wameuliza. Nusu saa, si zaidi. Jambo moja kwa siku. Wimbo wa kuitikiana kabla na baada, kwa sababu linaloimbwa hukaa. Kitu cha kushika mkononi: maji, mafuta, mshumaa, ukoka. Hadithi ya Injili kwa Kimaa, kisha watoto waiigize, na kijana wetu asipewe kamwe sehemu ya kusoma, apewe ya kutenda. Kanuni ya Imani ilivunjwa vipande, kipande kwa juma, kikiimbwa wakati wa kuwarudisha mbuzi. Ilichukua miezi tisa. Hatujui kama aliweza kuisoma kitabuni, hatukumwuliza tena.

Siku ya kujaribiwa tulimchukua faraghani, chini ya mgunga, yeye, katekista na koko yake. Tuliuliza kwa Kimaa chetu kibovu: kile ambacho padre huwapa watu kwenye Misa ni nini? Akafikiri kwa muda mrefu, hata tukataka kumsaidia. Mzee akatukataza kwa jicho. Kijana akasema, "Ni Yesu. Amenyamaza ili tusimwogope."

Tumesoma teolojia miaka mingi. Hatukuuliza swali la pili.

Sasa ni mtu mzima, ana mifugo yake na watoto wake. Kanisani hasomi masomo wala hashiki daftari. Lakini tunapokwenda Ololosokwan, kabla ya Misa husimama mlangoni akiwatazama watu wakiingia, na baada ya baraka ya mwisho huja sakristia kutuambia, bila kuhesabu, ni nani ambaye hakuja. Mara ya mwisho alisema yuko mama mmoja mjane, hajaonekana Jumapili ya pili sasa, na boma lake liko mbali, ng'ambo ya korongo. Tulikuwa tumekwisha kuvua mavazi ya Misa na safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Akachukua fimbo yake, akatangulia, tukamfuata.